Mechi ya kujipima nguvu ya hoki ya barafu: nini uamini, nini usubiri

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Arusha, mwaka wa kwanza katika chuo kimoja kaskazini mashariki mwa Marekani (naomba usikitaje jina). Jumamosi wenzangu wa bweni walinipeleka kutazama hoki ya barafu kwa mara ya kwanza. Timu yetu ilicheza mechi ya kujipima nguvu na chuo kikuu kutoka Kanada. Tulishinda 6–2, na mashuti yalikuwa 41 yetu, 19 yao. Mabao matatu tuliyapata wakati wapinzani wana mtu nje kwa adhabu. Makipa wetu watatu wote walicheza, kila mmoja kipindi kimoja. Sasa bweni zima linasema mwaka huu tunafika Frozen Four, yaani timu nne za mwisho za mashindano ya taifa, lakini makocha wa ligi yetu wametutabiria nafasi ya tano. Nimwamini nani? Na mtu kama mimi, ambaye hata sheria bado sijazimaliza, nitazame nini ili nijue msimu utakwendaje? Je, ninunue tiketi ya msimu mzima? Kusema kweli, pale jukwaani nilijiona mgeni peke yangu.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Yale matokeo yasahau, ila mechi yenyewe usiisahau. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchambua video za mechi za vyuo, na kila mwanzo wa msimu naona watu wakishikilia idadi ya mabao, kitu chepesi kuliko vyote, huku wakiacha mambo machache ambayo yangewaambia ukweli. Kubwa kati ya hayo ni kipa. Na ndilo jambo ambalo mechi yenu ilificha kabisa.

Ujue kwanza ulichokiona kilikuwa nini. Timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, huruhusiwa mechi 34 katika msimu wa kawaida, kuanzia mwanzoni mwa Oktoba, nyingi zikiwa Ijumaa na Jumamosi, kisha huja mtoano wa ligi mwezi Machi. Mechi yenu haimo katika hizo 34. Haiandikwi kwenye rekodi ya timu, mabao yake hayahesabiwi kwa mfungaji, wala haiingii katika hesabu inayochagua timu 16 za mashindano ya taifa. Ndiyo maana makocha wawili hukubaliana mambo mapema: wavalishe vijana wengi kuliko kawaida, wabadilishe makipa, na mara nyingine wacheze hata muda wa nyongeza wa watatu kwa watatu au wapige penalti mwishoni ilhali mshindi ameshajulikana, ili wachezaji wauzoee tu. Wewe ni wa Arusha, unaijua Simba Day. Timu ya kigeni inaalikwa, wachezaji wapya wanatambulishwa, uwanja unajaa, na hakuna mwenye akili timamu anayeyabeba matokeo ya siku ile kwenda nayo kwenye ligi. Jumamosi yenu ilikuwa ya namna hiyo, isipokuwa kocha wenu alikuwa anaandika.

Alikuwa anaandika nini? Nani anarudi kulinda akiwa amechoka. Nani anapokea pasi bila kusimama. Beki gani mpya anaogopa kugongwa. Kwake, mechi ile ilikuwa mtihani wa kujaza nafasi mbili au tatu za mwisho kikosini, na zile nafasi za juu alikuwa ameshazigawa mazoezini. Kwa hiyo inawezekana kabisa nyota wa timu alicheza kidogo kuliko kijana wa safu ya nne, na hilo peke yake linatosha kuyapotosha matokeo.

Mpinzani wenu sasa. Vyuo vya Kanada si vya kudharau hata kidogo. University of New Brunswick ilimaliza msimu wa 2023-24 bila kupoteza mechi hata moja na ikatwaa ubingwa wa nchi. Wachezaji wa vyuo hivyo kwa kawaida ni watu wazima wa miaka 21 na kuendelea, waliokwisha kupita katika ligi kuu za vijana za Kanada, wenye mabega na uzoefu. Lakini huja kwa basi, wakiwa nao wako katikati ya maandalizi, na mara nyingi wamewaacha wengine nyumbani.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo wenzako wa bweni pengine hawajaliweka kwenye mizani. Kanada ina ligi tatu kubwa za vijana, OHL, WHL na ile ya Quebec, ambazo kwa pamoja huitwa CHL. Kwa miongo mingi NCAA iliwahesabu wachezaji wa ligi hizo kuwa wa kulipwa, na mtu aliyecheza huko mlango wa vyuo vya Marekani ulikuwa umemfungia. Alipomaliza umri wa ligi za vijana bila kupata mkataba wa NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, njia yake ya kawaida ilikuwa chuo kikuu cha Kanada, akisomeshwa kwa fedha za ligi aliyoichezea. Mwezi Novemba 2024 NCAA iliibadili sheria hiyo, na tangu Agosti 1, 2025 wachezaji wa CHL wanaruhusiwa. Kiangazi hicho hicho Gavin McKenna, mshambuliaji kutoka Yukon aliyekuwa gumzo la hoki ya vijana duniani, aliacha Medicine Hat Tigers ya WHL akaenda Penn State. Yeye ndiye aliyeandikwa magazetini, lakini nyuma yake walivuka wengine wengi wasio na jina, vijana wa miaka 19 na 20 wenye misimu mitatu au minne miguuni.

Hilo linagusa swali lako pande mbili. Kisima ambacho vyuo vya Kanada vilikuwa vinachota peke yao sasa kinachotwa na Marekani pia, kwa hiyo kuifunga timu ya Kanada leo si kipimo kile kile cha miaka sita iliyopita. Upande wa pili ni wenu wenyewe: fungua orodha ya wachezaji kwenye tovuti ya timu, tazama safu inayoonyesha kila mmoja ametoka timu gani, uhesabu wangapi wametoka CHL. Hao kwa kawaida hawahitaji kuzoea nguvu za mchezo, kwa sababu wametoka kwenye misimu ya mechi karibu 68, mara mbili ya mtakazocheza ninyi. Kinachowasumbua ni vitu vingine. Wanavaa kizuizi cha uso mzima badala ya kioo cha nusu uso. Wanakutana na mabeki wa miaka 23 na 24. Na wakipigana ngumi wanatolewa na kukosa mechi inayofuata, wakati walikotoka ngumi ilikuwa sehemu ya utamaduni. Wengine huchukua miezi miwili kutulia, na ukiwahukumu kwa mechi moja ya Jumamosi utawaonea.

Tuje kwenye namba zako. Mabao matatu kati ya sita yalipatikana wapinzani wakiwa pungufu. Hapa ningekuwa mwangalifu sana. Kushambulia mkiwa wengi ni mpangilio wa watu watano ambao wanaweza kuukariri kwa wiki moja: huyu asimame juu, huyu pembeni, huyu mbele ya kipa. Kulinda mkiwa pungufu ni kazi ya kuelewana, wanne wakisogea kama kamba moja, na kuelewana huko huja kwa kurudia mara nyingi. Mwanzoni mwa msimu washambuliaji huwa mbele ya walinzi katika eneo hili, na hasa ukikutana na timu iliyotoka safarini. Msimu ukishakolea, timu ya kawaida katika daraja hili hufunga mara moja katika kila nafasi tano za namna hiyo. Inayofika mara moja katika kila nne ni timu ya kuogopwa. Kwa hiyo usitegemee mabao matatu ya zawadi kila Jumamosi.

Mashuti 41 kwa 19 yananipendeza zaidi kuliko 6–2, nitakueleza kwa nini. Katika hoki timu inayofungwa ndiyo huanza kupiga ovyo kutoka kila pembe, na inayoongoza hurudi nyuma kulinda. Ukiona timu inaongoza na bado inapiga mara mbili ya wapinzani wake, maana yake paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, ilikaa muda mwingi upande wa wageni. Hiyo ni dalili ya miguu na ya mpangilio, na miguu haidanganyi hata katika mechi ya kirafiki. Ila punguza kidogo kwa ajili ya zile dakika mlizocheza wengi, na ujiulize mashuti yalitoka wapi. Shuti la beki kutoka mbali, kipa akiwa anaona, karibu halina thamani. Shuti kutoka mbele ya goli, kipa akiwa amezibwa macho, ndilo linalofunga. Ukitaka kuona hilo usikae karibu na kioo mnakopenda kukaa wanafunzi. Panda juu, kaa usawa wa katikati, na uwanja wote utafunguka mbele yako.

Ukiwa juu huko, tazama jambo moja ambalo kwa maoni yangu husafiri vizuri kutoka maandalizi hadi Machi: namna mabeki wanavyotoka kwao. Paki imetupwa nyuma ya goli lenu, beki anaifuata, na nyuma yake anasikia visu vya viatu vya mpinzani vikikwaruza barafu. Ana sekunde moja na nusu. Beki wa timu ya kawaida ataitupa kwa nguvu kuzunguka ukuta ili aondokane nayo, na mara nyingi inarudi. Beki wa timu nzuri ameshageuza shingo kabla hajaifikia, anajua mwenzake yuko wapi, na pasi yake inamkuta mchezeshaji wa kati akiwa tayari ana kasi. Hesabu mara kumi za kwanza katika mechi. Mkitoka salama mara saba au nane, timu yenu itakuwa na maisha mazuri bila kujali nani amefunga. Uwezo huo ni wa mtu na wa mafunzo, hautegemei sana mpinzani ni nani, na ndiyo maana nauamini hata mwanzoni mwa msimu.

Sasa kipa. Hapa nitakaa, na uniwie radhi kwa hesabu. Chukua timu inayopigiwa mashuti 30 kwa mechi. Katika mechi 34 ni mashuti 1,020. Kipa anayeokoa asilimia 91.5 ataruhusu mabao 87 hivi. Anayeokoa asilimia 89.5 ataruhusu 107. Ukiwatazama kwa macho wawili hawa utasema ni sawa, kwa sababu tofauti yao ni mashuti mawili katika kila mia. Lakini ni mabao 20 kwa msimu, katika ligi ambazo mechi nyingi huamuliwa kwa bao moja. Hakuna mshambuliaji mmoja utakayemsajili akakuletea tofauti hiyo.

Mwaka 2024 Boston College ilikuwa na kikosi cha vijana waliochaguliwa na timu za NHL katika raundi ya kwanza: Will Smith, Ryan Leonard, Gabe Perreault, na Cutter Gauthier aliyefunga mabao 38 msimu ule. Walifika fainali mjini St. Paul wakakutana na Denver. Kipa wa Denver, Matt Davis, aliokoa mashuti 35, hakuruhusu hata moja, na Denver ikashinda 2–0 na kuchukua ubingwa wake wa kumi. Rudi nyuma uitazame njia ya Denver: waliifunga Massachusetts 2–1 katika muda wa pili wa nyongeza, Cornell 2–1, Boston University 2–1 katika muda wa nyongeza, kisha ile fainali. Mechi nne za mtoano, mabao matatu ya kufungwa. Denver nayo ilikuwa na washambuliaji wa kutisha, lakini zilipofika siku zenyewe, kombe lilikaa mikononi mwa Davis.

Sasa linganisha na Jumamosi yako. Wageni walipiga mashuti 19, makipa watatu wakagawana, kila mmoja sita au saba. Hakuna mtu duniani anayeweza kumpima kipa kwa mashuti saba. Hata 100 hayatoshi, mimi husubiri mpaka yafike mia tatu au nne ndipo nianze kusema jambo kwa sauti. Ndiyo maana nilikuambia mechi ile iliificha habari kubwa. Unachoweza kufanya ni kutazama kocha anamchagua nani mechi zinapoanza kuhesabiwa. Akimpanga mmoja Ijumaa na Jumamosi, wiki mbili mfululizo, amepata mtu wake. Akiwapishana, Ijumaa huyu na Jumamosi yule, hadi Novemba, basi bado anatafuta, na utabiri wowote mzuri wa bweni lenu uuwekee alama ya kuuliza.

Usimdharau kipa wa pili, hata hivyo. Massachusetts ilipochukua ubingwa wa 2021, kipa wake wa kwanza, Filip Lindberg, alikosa nusu fainali kwa sababu ya kanuni za korona, pamoja na mfungaji wao Carson Gicewicz. Matt Murray akasimama golini, wakaifunga Minnesota Duluth 3–2 katika muda wa nyongeza, timu iliyokuwa imewafunga kwenye fainali ya 2019. Lindberg akarudi kwa fainali na wakaizima St. Cloud State 5–0. Kumbuka pia kwamba chuo hicho hicho, katika msimu wa 2016-17, kilishinda mechi tano tu mwaka mzima. Napenda sana hadithi ya timu ile, na huwa nawasimulia wanafunzi wa vyuo vidogo wanaokata tamaa mapema.

Utabiri wa makocha umekusumbua, naona. Nafasi ya tano haikutokana na chuki. Makocha hutazama zaidi vitu viwili: mlimaliza wapi msimu uliopita, na nani amebaki. Hawajui sana vijana wapya, na hawana muda wa kuwachunguza wa timu nyingine. Utabiri huo una uzito wa wastani. Nafasi za juu na za mkiani huwa karibu na ukweli, na zile za katikati, kuanzia ya nne hadi ya nane, hubadilishana kila mwaka. Ninyi mko pale pale penye tope.

Ukitaka kujua kwa kiasi gani katikati panabadilika, itazame Penn State ya 2024-25, mwaka mmoja kabla ya McKenna. Walimaliza nusu ya kwanza ya msimu bila ushindi hata mmoja katika ligi yao ya Big Ten. Wale wanaosema nyota njema huonekana asubuhi wangeshawafuta. Kuanzia Januari wakaanza kushinda, wakaingia katika timu 16, wakaifunga Maine 5–1 iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi ya Hockey East, wakaiondoa Connecticut katika muda wa nyongeza, na wakafika Frozen Four kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka huo huo Western Michigan nayo ilifika huko kwa mara ya kwanza, ikamwondoa bingwa mtetezi Denver 3–2 katika muda wa pili wa nyongeza, kisha ikaifunga Boston University 6–2 na kuondoka na kombe. Kwa hiyo bweni lenu halioti ndoto isiyowezekana. Wamekosea kitu kimoja tu: wanadhani waliiona Jumamosi.

Kabla hujapanga safari ya Aprili, jua pia mlango wa kuingilia ni upi. Ligi za wanaume daraja la kwanza ni sita, na bingwa wa mtoano wa kila ligi huingia moja kwa moja. Nafasi kumi zinazobaki hutolewa kwa hesabu inayopima ushindi wenu pamoja na nguvu ya mliocheza nao. Kushinda ugenini kuna thamani zaidi ya kushinda nyumbani, na ushindi wa muda wa nyongeza, ule wa dakika tano watatu kwa watatu, hauhesabiwi sawa na ushindi wa dakika 60. Watu hawaelewi jambo hili mpaka Machi, wakati halirekebishiki tena. Mechi za Oktoba na Novemba dhidi ya timu za ligi nyingine ndizo zinazoamua hesabu hiyo itaiweka ligi yenu wapi kwa ujumla, kwa sababu kuanzia Januari mnabaki kuchezeana wenyewe kwa wenyewe na kugawana pointi zile zile. Mkipoteza mechi mbili nyumbani mwanzoni kwa timu dhaifu, mnaweza kucheza vizuri miezi mitatu na bado mkabaki nje. Kwa hiyo chukua ratiba, uweke alama kwenye mechi zote za wiki sita za mwanzo ambazo si za ligi yenu. Hizo ndizo nusu fainali zenu za kimya kimya.

Majeruhi sitayazungumza sana, kila mtu anayajua. Ila tazama Desemba: mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20 huanza siku moja baada ya Krismasi na kuendelea hadi siku za mwanzo za Januari. Timu zenye vipaji vikubwa hupoteza wachezaji wawili, watatu, hata zaidi kwa ajili ya timu za taifa, na wengine hurudi wamechoka. Timu ya watu wazima ambayo haina mtu wa kuitwa huko huendelea na mazoezi yake kwa utulivu. Kama kikosi chenu ni cha umri mkubwa, hapo ndipo mtakapowapita wenye majina.

Na hata mkiingia, ni mtoano wa mechi moja moja. Machi 2006 Minnesota, yenye makombe na uwanja unaojaa kila wiki, ilikutana na Holy Cross, chuo kidogo cha Massachusetts ambacho hadi siku ile kilikuwa hakijawahi kushinda mechi ya mashindano hayo. Holy Cross ilishinda 4–3 katika muda wa nyongeza. Minnesota haikuwa timu mbaya siku ile wala mwaka ule. Paki huteleza, hugonga kisu cha mtu, hubadili njia. Ndiyo maana nakataa kumpa mtu yeyote ahadi ya Frozen Four mwezi Oktoba, hata kama kikosi chake nakiona ni bora kuliko vyote nchini.

Kwa maneno uliyonieleza peke yake, bila kuiona video, nafikiri timu yenu inaweza kumaliza juu ya nafasi ya tano. Yale mashuti 41 mkiwa mnaongoza ndiyo yananifanya niseme hivyo. Lakini nikiambiwa niweke sahihi, nitasubiri wiki nne, nimjue kipa.

Uliniuliza mtu mgeni atazame nini. Mechi mbili tatu za kwanza usihangaike na sheria zote. Jifunze kuotea na paki kutupwa mbali, basi, hizo mbili zitakueleza filimbi nyingi utakazozisikia. Fuata mchezaji mmoja tu kwa zamu nzima, kuanzia anaporuka ukuta wa benchi hadi anaporudi, ambayo ni sekunde 45 hivi. Usifuate paki, mfuate yeye. Utaona anafanya nini asipokuwa nayo, na hapo ndipo mchezo huu ulipo. Kisha mechi inayofuata chagua beki. Ukifanya hivyo utajua zaidi ya wenzako waliozaliwa na barafu mlangoni, kwa kuwa wengi wao hutazama paki tangu utotoni hadi uzee.

Umeandika pia, mwishoni mwa barua yako, kwamba ulijiona mgeni peke yako pale jukwaani. Nairobi kuna vijana wanaojiita Ice Lions, waliojifunza mchezo huu kwenye barafu ndogo ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la hoki ya barafu la dunia. Ukipita huko likizo, nenda uwaone. Wewe sasa una kitu cha kuwasimulia, na wao wana mengi ya kukufundisha kuhusu kuupenda mchezo bila kuwa na uwanja wa saizi kamili.

Kuhusu tiketi ya msimu mzima: vyuo vingi huwapa wanafunzi kiingilio bure au kwa bei ndogo sana, kwa hiyo uliza ofisi ya tiketi ya chuo kabla hujatoa pesa yoyote. Kama ni bure, ichukue leo. Kama ni ya kulipia, lipia kwanza wikiendi mbili za Oktoba, uandike kwenye daftari kipa gani alisimama, alipigiwa mashuti mangapi, na mabeki walitoka salama mara ngapi katika zile kumi za kwanza. Niletee daftari hilo katikati ya Novemba, nitakupa jibu la pili, na hilo nitaliwekea jina langu.